Orijino Namba Ngapi?

Katika nchi hii yupo mtu mmoja ninayemtafuta kwa udi na uvumba. Siku nikimpata nitamnunulia soda, nimkalishe chini, anieleze pole pole. Ni yule anayesema "vigezo na masharti kuzingatiwa" mwishoni mwa matangazo ya redio. Mwenzake anakuwa ametumia nusu dakika nzima kutuimbia, bila haraka yoyote, kwamba tutashinda pikipiki, friji, na safari ya watu wawili kwenda Zanzibar. Kisha anaingia huyu bwana, anavuta pumzi moja tu, na kabla hujaweka kikombe cha chai mezani ameshamaliza. Katika sentensi hiyo friji limepotea, pikipiki imepotea, na wewe uliyekuwa unasikiliza tu umegeuzwa kuwa mtu aliyekubali. Masharti ya mganga angalau unatajiwa: usile pweza, usiangalie nyuma, lete kuku mweusi. Haya ya redioni hata ukitaka kuyavunja kwa makusudi hujui yalipo.

Nyumbani kwangu tumekuwa na ugomvi wa bando. Mke wangu alitumiwa ujumbe kwamba kuna ofa ya leo tu, GB sita kwa bei ya kutupwa. Akanunua. Kufika saa nne asubuhi limekwisha. Kupiga simu huduma kwa wateja, baada ya muziki mrefu, binti mwenye sauti nzuri akamweleza kwamba bando halijakwisha hata kidogo, mama, kilichokwisha ni GB moja ya mchana. Zile tano zinaanza kutumika saa sita usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri. Sasa niambieni, mtu mzima, mwenye ndoa na mchango wa kijiji, saa tisa usiku ana shughuli gani ya GB tano? Wanaopata thamani kamili ya bando lile ni walinzi na wachawi. Na ile "ofa ya leo tu" imeingia tena kesho yake, na keshokutwa, na hadi ninapoandika haya bado ni leo tu.

Wengi wanadhani mambo haya hayana sheria. Yanayo. Tanzania tuna Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, na Tume ya Ushindani, ile ambayo watu wameizoea kwa herufi tatu, FCC. Nimeisoma, kwa sababu mtu mwenye manung'uniko anapaswa kuwa na silaha. Nilitarajia kukuta mambo ya makampuni makubwa kuungana na kumezana, na yamo. Lakini katikati kuna sehemu nzima inayotuhusu sisi wanunua nyanya: inakataza mwenendo wowote wa kibiashara unaopotosha, au unaoelekea kupotosha. Soma tena hapo. Muuzaji hahitaji kuwa amesema uongo. Anaweza kuwa amesema kweli tupu, ila kweli yenyewe akaiandika kwa herufi za sisimizi chini ya bango ambalo juu yake kuna herufi za kuonekana kutoka Kigamboni. Adhabu nayo si ya kuchekesha: faini inaweza kufika asilimia 10 ya mauzo ya mwaka. Wenzetu wa Kenya wamekwenda mbali zaidi, wakaziweka haki za mlaji ndani ya Katiba yao ya mwaka 2010, kifungu cha 46. Maana yake ni kwamba Mkenya anayeuziwa pasi mbovu amevunjiwa Katiba. Mimi nikiuziwa pasi mbovu nachekwa na shemeji.

Na tukija kwenye pasi, aliyechekwa safari hii ni shemeji mwenyewe. Alikwenda Kariakoo, Mtaa wa Kongo, akanaswa na winga hata kabla hajavuka barabara. Kwa ndugu wa mikoani: winga hana duka, hana bidhaa, hana hata meza, lakini ana kila kitu unachotafuta. Nilikuwepo, nimebeba mfuko, na sikuingilia, kwa sababu mahari ya dada yake nililipa kamili na sidaiwi ushauri.

"Bosi wangu, unataka orijino au unataka orijino yenyewe?"

Shemeji akauliza tofauti yake nini.

"Orijino ni hii. Orijino yenyewe ni hii hapa, imetoka Dubai."

"Na hii ya kwanza imetoka wapi?"

"China."

"Hii ya Dubai imetengenezwa wapi?"

"China, bosi wangu. Lakini imepitia Dubai."

Shemeji akaona hoja ina uzito, akachukua ile iliyosafiri. Nyumbani, tulipoivua makaratasi, tukakuta jina la kampuni maarufu ya Ulaya ambalo herufi yake moja imehama na kwenda kuishi kwingine. Ukiitazama pasi kwa mbali huku una haraka, ni yenyewe. Ukikaribia, ni jirani yake. Huo ni ufundi wa zamani na sheria yake ni ya zamani vilevile: Sheria ya Alama za Bidhaa ni ya mwaka 1963, imemzidi umri winga na huenda inamzidi hata baba yake. FCC ndiyo inayoisimamia, na mara kwa mara utawaona kwenye taarifa ya habari wakiteketeza shehena za bidhaa bandia. Moshi unapaa, mkurugenzi anahojiwa, mwananchi anaonywa. Siku ya pili ukienda Kongo unakuta orijino imejaa pomoni, na sasa kuna hata orijino namba tatu.

Kuna mchezo mwingine mpya, wa mtandaoni. Picha ya simu, nzuri, na bei ambayo hata mtu asiyehitaji simu anajikuta anaihitaji. Unafunga safari hadi dukani. "Aisee bosi, ile ya mwisho imetoka sasa hivi, yaani ungewahi dakika tano! Lakini ipo hii, imeizidi kila kitu." Na bei nayo imeizidi, mara mbili. Wale waliotunga sheria mwaka 2003, wakati simu ya mkononi ilikuwa bado kitu cha kuvaa kiunoni ili mtu aonekane, walishamwona mtu huyu anakuja: kutangaza bei ya chambo kwa bidhaa ambayo huna nia ya kuiuza kwa bei hiyo, kwa kiasi na muda unaoeleweka, ni kosa. Wale wanaoandika "bei njoo inbox" wao ni wajanja zaidi. Hawajasema uongo kuhusu bei, kwa sababu hawajasema bei.

Nakubali, si kila chumvi ni kosa. Mama anayesema embe zake ni tamu kuliko za dunia nzima hajamdanganya mtu, anajisifia biashara. Wanasheria wanaijua tofauti hii kupitia kesi moja ya Uingereza ambayo kila aliyesoma sheria katika nchi hizi za Afrika Mashariki ameimeza na kuitapika kwenye mtihani: Carlill dhidi ya Carbolic Smoke Ball. London, karne ya 19 inakaribia kuisha, mafua makali yanaua watu. Kampuni ikaja na mpira wa kuvuta puani wenye unga wa kaboliki, ikatangaza gazetini kwamba atakayeutumia mara tatu kwa siku kwa wiki mbili kama inavyoelekezwa, kisha akapata mafua, atalipwa pauni 100. Na ili watu waamini, ikasema imeshaweka pauni 1,000 benki. Bi Elizabeth Carlill akanunua, akavuta, akavuta, na Januari 1892 akaugua mafua kama kawaida. Akadai hela yake. Kampuni ikasema, jamani, ile ilikuwa chumvi tu ya matangazo, hakuna mtu mwenye akili anayeiamini. Mahakama ya Rufani ikajibu Desemba mwaka huohuo: mtu aliyeweka pauni 1,000 benki kuonyesha kwamba hatanii, hawezi kuja hapa kusema alikuwa anatania. Bibi akalipwa. Na akaishi hadi mwaka 1942, akiwa na miaka zaidi ya 90, bila msaada wa ule mpira.

Namkumbuka bibi yule kila nikipanda basi la mkoani. Kuna kijana anapanda Mbezi na begi la dawa ya mizizi. Anasalimia kwa heshima, anaomba radhi kwa usumbufu, kisha anataja inachotibu: kisukari, presha, mgongo, chango, kukosa usingizi, kulala mno, nguvu za kiume, na kwa ndugu zangu wenye kesi mahakamani naomba tuonane pembeni. Buku tano tu, kwa sababu leo ni promosheni. Anauza, anapokea baraka za abiria, anashuka Chalinze. Dawa inaanza kuonyesha matokeo Morogoro. Huyu Mahakama ya Rufani ingempata wapi?

Risiti sitazizungumzia sana, ninyi wenyewe mnazijua: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi wala kubadilishwa." Imepigwa chapa juu ya risiti, juu ya ukuta, na duka moja nililoliona Mbagala limeichora juu ya mlango wa kuingilia, uisome kabla hujaingia. Kumwaminisha mnunuzi kwamba hana haki ambayo sheria imempa nako ni kupotosha, lakini mweleze hilo mwenye duka umwone anavyokuelekeza kwenye ukuta.

Lakini linaloniuma kuliko yote ni vipimo, na hapo mtanisamehe nikikaa kidogo. Sabuni ya mche imekonda. Biskuti kwenye pakiti zimepungua na nafasi yake imechukuliwa na hewa, hewa ambayo naipata bure hapa kibarazani. Bei imesimama palepale ili tusigutuke. Mkidhani huu ni ubunifu wa kisasa, fungueni Agano la Kale: nabii Amosi aliwafokea wafanyabiashara wa zama zake kwa kupunguza kipimo na kuongeza bei kwa pamoja, na mizani ya uongo juu yake. Kurani nayo ina sura nzima, ya 83, iliyobeba jina la wapunjaji. Dini zote mbili za mtaa wetu zimelikemea jambo hili, na muuza mchele wetu anahudhuria mojawapo bila kukosa. Uingereza mwaka 2016 chokoleti ya Toblerone, ile yenye vilima vilima, ilipunguzwa kutoka gramu 400 hadi 360 kwa kupanua mabonde kati ya kilima na kilima. Watu walipiga kelele hadi habari ikazunguka dunia. Ufaransa, kuanzia Julai mosi 2024, duka kubwa likiuza bidhaa iliyopunguzwa huku bei ya kipimo ikipanda, linatakiwa kubandika tangazo mbele ya bidhaa hiyo kwa miezi miwili. Hebu fikiria Mangi wa mtaani kwetu akiandika kwa mkono wake: "Wateja wapendwa, maandazi yamepungua." Angehama usiku.

Sokoni kwetu kulikuwa na akina mama wawili wanauza maharage, meza zimetazamana. Wa kushoto alikuwa na mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo, ya mwaka husika, imekaguliwa. Kilo kwake shilingi 3,600. Wa kulia naye alikuwa na mizani, na stika ilikuwepo, ila imechakaa hadi huwezi kujua ilibandikwa utawala wa nani. Kilo kwake 3,300. Foleni ilikuwa upande gani? Mke wangu, ambaye ana mizani ya kupimia unga wa keki na moyo wa mkaguzi, alinunua kilo moja ya kulia, akaja nayo nyumbani, akaipima. Gramu 850. Sasa chukua kalamu. Shilingi 3,300 kwa gramu 850 ni sawa na 3,880 na chenji kwa kilo kamili. Yule wa bei rahisi ndiye ghali, na yule tunayemwita mchoyo ndiye anayetuonea huruma. Na foleni bado iko kulia.

Hapo ndipo nilipoielewa ile sheria kwa nini inaitwa ya ushindani, wala haikuitwa sheria ya kumfuta machozi mnunuzi. Mimi nimeibiwa gramu 150, nitanung'unika, nitaandika safu, nitaishi. Aliyeibiwa kweli ni mama wa kushoto. Kila gramu inayokatwa upande wa pili ni mteja anayeondoka kwake, na hawezi kulalamika kwa mteja ambaye hayupo. Hashindani na maharage mazuri zaidi wala na bidii kubwa zaidi. Anashindana na waya uliofungwa chini ya sahani ya mizani. Na ana njia mbili tu: afunge biashara, au atafute waya wake. Nilipokwenda kumnong'oneza kuhusu vipimo vya mke wangu, nikidhani namletea habari, alicheka.

"Baba, mimi najua. Soko zima linajua. Walishanijia hapa, wakaniambia, mama, rekebisha mizani yako, unatuharibia biashara."

Rekebisha mizani yako! Iliyokaguliwa!

Na msidhani gunia linalomfikia mwenye mizani ya waya limepungua tangu mwanzo. Huko shambani linavimba. Mnunuzi akifika kwa mkulima gunia halifungwi mdomo hadi livalishwe kofia, wenyewe wanaita lumbesa: linashonewa kipande kingine juu, linajazwa, linashindiliwa kwa goti, na vyote hivyo mkulima analipwa kama gunia moja. Wakala wa Vipimo wanapiga marufuku kila msimu, wanasema mazao yafungwe kwa uzito usiozidi kilo 100, na yapimwe kwa mizani badala ya macho. Kila msimu lumbesa zinateremka Ilala usiku. Kwa hiyo gunia likiwa kwa mkulima linavaa kofia, likifika kwangu linavuliwa hadi shati, na katikati ya safari hiyo kuna mtu amenenepa ambaye sijawahi kutambulishwa kwake.

Uzuri wa kusoma sheria ni kwamba huwezi tena kunywa chai kwa amani. Mtaani kwetu kuna akina mama watano wa chapati, kuanzia kituo cha bodaboda hadi msikitini. Jumatatu moja asubuhi chapati ya shilingi 500 iliamka ni ya 700, kwa wote watano, siku moja, saa moja. Kwa macho ya kawaida hayo ni maisha kupanda. Kwa macho yangu mapya, huo ni mkataba wa kupanga bei baina ya washindani, jambo ambalo sheria imelikataza waziwazi. Huko Kenya, Agosti 2023, Mamlaka ya Ushindani ilizitoza kampuni tisa za chuma faini ya zaidi ya shilingi milioni 338 za kwao kwa kosa la ukoo huohuo. Sisemi nondo na chapati ni kitu kimoja, ingawa za yule wa karibu na gereji zinakaribiana.

Nikamwendea ninayemheshimu kuliko wote, kwa sababu zake zina tabaka.

"Mama, za asubuhi?"

"Nzuri baba yangu, karibu chai."

"Mbona nyote mmepanda siku moja?"

"Unga umepanda baba. Mafuta ndiyo usiseme."

"Na wa pale kituoni?"

"Na yeye unga umempandia."

"Siku hiyohiyo?"

Akageuza chapati, hakunijibu. Basi nikamweleza taratibu, kwa faida yake mwenyewe: kwamba ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, kwamba wenye biashara ya aina moja hawaruhusiwi kukaa na kukubaliana bei, kila mmoja apange ya kwake na mteja achague, na kwamba faini inaweza kuchukua sehemu ya kumi ya mauzo ya mwaka. Alinisikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa kwa heshima ileile ambayo watu humpa mzee anayesimulia ndoto.

"Kumbe! Hilo sikulijua baba yangu. Asante kwa elimu."

"Kwa hiyo nipunguzie mia, basi."

"Mia?" Akafuta mikono kwenye kanga, akachukua simu iliyokuwa pembeni ya kopo la mafuta. "Hiyo mimi siwezi kuamua peke yangu. Ngoja nimpigie mwenyekiti wetu."